Jinsi ya kuchora ualbino kwenye mti wa ukoo wenu na kupiga hesabu mwenyewe

Mdogo wangu alipozaliwa mi nilikuwa na miaka 9, na swali la kwanza nililoskia mle ndani halikuwa mtoto ana kilo ngapi wala ataitwa nani, lilikuwa "huyu katoka upande wa nani?" Shangazi, dada yake baba, alikaa ukingoni mwa kitanda akaanza kutaja ndugu wa mama mmoja mmoja, mjomba fulani, bibi fulani, mpaka waliokufa zamani, anatafuta mwenye nywele nyeupe, na mama kamlaza mtoto kifuani hajibu kitu. Hakupatikana hata mmoja. Ndo yakaanza yale maneno ambayo familia nyingi zenye mtoto mwenye ualbino zinayajua, kwamba kama kwenye ukoo hayupo basi kuna kitu mama anaficha.

Jibu la lile swali lipo na wala sio gumu: katoka pande zote 2, sawa kwa sawa, na unaweza kulionyesha kwenye karatasi mbele ya watu wazima wakaliona kwa macho yao. Ilinichukua miaka mingi kulijua hilo na mama alibeba lawama miaka yote hiyo. Kwa hiyo naandika hapa namna ninavyofanya siku hizi, ili mwenye mtoto au ndugu au mchumba mwenye ualbino aweze kukaa na watu wake akawachorea. Tafuta karatasi kubwa, penseli yenye kifutio na sarafu 2. Penseli, sio peni, sababu utaiona mbele.

Kwanza elewa kitu chenyewe

Usianze kuchora kabla watu hawajajua unachora nini, maana utaongea herufi na mahesabu na wao kichwani bado wana laana na mikosi.

Rangi ya ngozi, nywele na macho inatokana na kitu kinaitwa melanini. Inatengenezwa na seli zinazoitwa melanosaiti ambazo zimekaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, na seli moja kama hiyo ina vimikono kama matawi ambavyo vinazifikia seli za ngozi zipatazo 30 na zaidi zilizo jirani yake. Melanini inafungashwa kwenye vifuko vidogo, vifuko vinapita kwenye vile vimikono vinagawiwa kwa majirani, alafu ndani ya seli iliyopokea vinajipanga juu ya kiini, upande ule jua linapotokea, kama mwavuli juu ya kichwa cha mtu. Ndani ya kiini ndo kuna DNA, yani maandishi ya urithi ya mwili, ambayo jua kali linaweza kuyaharibu. Mi nikifika hapa huwa nasimama kidogo nachora huo mwavuli kabisa, seli moja na kiini chake na vidoti vyeusi juu, alafu pembeni nachora seli nyingine haina vidoti, jua linapiga kiini moja kwa moja. Mtu akishaona ile picha haulizi tena kwanini mtoto anaungua kwa kukaa nje nusu saa.

Sasa kitu ambacho wengi hawakitegemei, mtu mweusi tii na mtu mweupe pe wana idadi ya melanosaiti karibu sawa. Tofauti yao ipo kwenye vifuko, vina ukubwa gani, vimejazwa kiasi gani na melanini ya aina gani, ile ya kahawia na nyeusi au ile ya njano na nyekundu. Na mtu mwenye ualbino melanosaiti anazo pia, idadi ile ile. Kiwanda kipo, wafanyakazi wapo, malighafi ipo, mashine ndo imekwama. Malighafi yenyewe inaitwa tairosini, ipo mwilini mwa kila mtu, na kimeng'enya kinachoanza kuigeuza kuwa melanini kinaitwa tairosinasi. Kwa hiyo ukiskia mtu anasema mtoto "amekosa damu" au alipungukiwa chakula tumboni, sio. Na hauambukizwi, huwezi kupata ualbino kwa kula sahani moja na mtu wala kulala naye kitanda kimoja.

Maelekezo ya kutengeneza hizo mashine yameandikwa kwenye jeni, na jeni zinazohusika ni zaidi ya moja, hili liweke kichwani litakuja kutusaidia. Jeni zenyewe zimepangwa kwenye kromosomu, yani nyuzi za DNA zilizopewa namba. Jeni inaitwa TYR, ipo kromosomu ya 11, ndo inaandika maelekezo ya kile kimeng'enya chenyewe, ikiharibika unapata ualbino aina ya 1. Jeni ya OCA2 ipo kromosomu ya 15, hiyo inatengeneza protini inayosaidia mazingira ya ndani ya kifuko yawe sawa ili kimeng'enya kifanye kazi, na ualbino wake wa aina ya 2 ndo unaoonekana zaidi kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara. TYRP1 ipo kromosomu ya 9, aina ya 3, hawa nywele zao mara nyingi ni nyekundu nyekundu na ngozi ya kahawia yenye wekundu mpaka watu hawajui kama ni ualbino. SLC45A2 ipo kromosomu ya 5, aina ya 4, imeonekana sana Japani. Zipo na nyingine ila ni za nadra.

Weupe na ualbino ni vitu 2 tofauti

Hapa pia usiruke. Rangi ya kawaida ya ngozi inaamuliwa na jeni nyingi kwa pamoja, kila moja inasukuma kidogo, ndo maana mweusi akizaa na mweupe kwa kawaida wanapata mtoto wa rangi ya katikati, maji ya kunde, na kwenye familia moja utakuta watoto wanapishana pishana. Ni kama kuchanganya rangi kwenye ndoo. Ualbino haufanyi hivo. Ualbino ni jeni moja tu ikikosa kopi nzima, melanini inakatika au inabaki kidogo sana, hata kama zile jeni nyingine zote za huyo mtoto ziliandika weusi wa kutosha. Mtoto mwenye ualbino wa wazazi weusi sura ni ya kwao, pua ya kwao, nywele zimejikunja zile zile za kwao, rangi tu ndo haijapakwa.

Kwa hiyo yale maneno ya mtaani ya "mama kazaa na mzungu" yanajifia yenyewe. Kwa kawaida mtoto wa mzungu na mtu mweusi anakuwa wa katikati na nywele zake ni nyeusi au kahawia. Na zaidi ya hapo, utaona sasa hivi kwenye herufi, mtoto mwenye ualbino lazima apokee kopi mbovu kutoka kwa mama NA kopi mbovu kutoka kwa baba, yani ualbino sio ushahidi wa mwanaume mwingine. Hata kidogo.

Herufi na vyumba vinne

Kila mtu ana kopi 2 za kila jeni, moja kapewa na mama moja kapewa na baba. Andika A kubwa kwa kopi nzima na a ndogo kwa kopi mbovu. Mtu mwenye AA ana rangi yake. Mwenye Aa ana rangi yake vile vile, maana kopi moja nzima inatosha kuendesha kiwanda, huwezi kumtambua kwa kumwangalia, hana doa, hana nywele ya ajabu, hana ugonjwa, huyu ndo tunamwita mbebaji. Mwenye aa ndo ana ualbino. Kopi mbovu inaweza kushuka kwa wabebaji vizazi 5 au 10 bila mtu yeyote kuonekana nayo, ndo maana shangazi alitafuta mpaka kwa marehemu akakosa.

Sasa chora mraba mkubwa ugawe vyumba 4. Juu andika kopi za mama, A na a. Pembeni kushoto kopi za baba, A na a. Kila chumba kipokee herufi moja ya juu na moja ya pembeni:

AA   Aa
Aa   aa

Chumba 1 kati ya 4 ni mtoto mwenye ualbino. Vyumba 2 ni wabebaji. Chumba 1 hana kitu. Asilimia 25, 50, 25.

Ukiishia hapo watu watatikisa kichwa kama wameelewa ila hawajaelewa, nakwambia kabisa. Toa sarafu. Upande mmoja wa kila sarafu bandika kikaratasi chenye A na upande wa pili a, mpe baba sarafu moja na mama sarafu moja, au kama hawapo mpe mtu yeyote, warushe pamoja mara 40 na we unaandika. Kila mrusho ni mimba moja. Zikilala a na a weka alama ya pembeni. Kwa hesabu unategemea 10 kati ya 40, lakini sisi siku ile nilipowachorea mama na shangazi tulipata 13, na kuna sehemu zilikuja 3 mfululizo, na kuna sehemu ilipita mirusho 9 bila hata moja. Hiyo mirusho 9 ndo ilimfungua macho shangazi kuliko maelezo yangu yote, maana akauliza mwenyewe, "kwa hiyo hawa wangezaa watoto 9 wasingejua?" Ndio. Wasingejua mpaka wanazeeka.

Kosa kubwa ambalo watu wanalifanya, na nimeliskia mpaka kwa watu waliosoma, ni kudhani 1 kati ya 4 maana yake ukishampata mmoja mwenye ualbino watatu wanaofuata ni salama. Sarafu haikumbuki ilivyolala mara iliyopita na mimba haikumbuki mimba iliyotangulia, kila mara inaanza upya kwenye robo. Piga hesabu: wabebaji 2 wakizaa watoto 4, uwezekano wa wote 4 kutokuwa na ualbino ni 3/4 mara 3/4 mara 3/4 mara 3/4, unapata 81/256, kama asilimia 32. Na uwezekano wa kupata 2 au zaidi wenye ualbino kwenye hao 4 ni kama asilimia 26. Kwa hiyo familia yenye watoto 2 au 3 wenye ualbino haijalaaniwa, na familia ambayo haina hata mmoja haijabarikiwa kuliko wenzake, sarafu tu zililala hivo.

Mti wenyewe

Mraba ni mwanaume, duara ni mwanamke. Mstari wa kulala unaunganisha mume na mke, wa kusimama unashuka kwa watoto, watoto wapange kuanzia mkubwa kushoto. Kama mume na mke ni ndugu wa damu, binamu kwa mfano, chora mistari 2 badala ya 1. Mwenye ualbino piga kivuli umbo lote. Mbebaji wa uhakika piga kivuli nusu. Ambaye hujui weka alama ya kuuliza na uandike namba pembeni, ya uwezekano.

Anza kwa mwenye ualbino, usianze kwa babu. Watu wengi wanaanza juu wanakwama hapo hapo kwasababu juu hakuna wanachokijua kwa uhakika. Mwenye ualbino ndo mtu pekee kwenye ukoo ambaye unazijua herufi zake bila kupima, ni aa. Kutoka kwake panda na ushuke.

Ukipanda: wazazi wake wote 2 ni Aa, nusu kivuli kwa baba, nusu kivuli kwa mama, hakuna mjadala. Mabadiliko mapya ya jeni yanayotokea kwa mtoto mwenyewe tu ni nadra sana, kwa mti wa familia hesabu kwamba yametoka kwa wazazi. Nilipopiga ile nusu kivuli kwenye mraba wa baba nilimwona shangazi anaangalia mkono wangu, maana yule ni kaka yake.

Ukishuka: kila mtoto wa mtu mwenye ualbino lazima awe mbebaji angalau, kwasababu mzazi hana A ya kumpa. Nusu kivuli wote.

Ukienda pembeni kwa ndugu zake wa tumbo moja ambao hawana ualbino, kama mimi, hapa watu husema nusu kwa nusu na sio sahihi. Rudi kwenye vyumba 4. Kile chumba cha aa kifute, maana unajua tayari huyu ndugu hana ualbino. Vimebaki vyumba 3, na 2 kati ya hivyo ni wabebaji. Jibu ni 2/3. Andika 2/3 pembeni ya alama ya kuuliza.

Kwa shangazi, baba wakubwa na wadogo, mama wakubwa na wadogo na wajomba: mzazi ni Aa, hiyo a yake kaipata kwa mmoja wa wazazi wake, yani babu au bibi mmoja ni mbebaji, na mbebaji anagawa a kwa nusu ya watoto wake. Kwa hiyo kila shangazi na kila mjomba ni 1/2. Watoto wao, binamu zako, ni nusu ya hiyo, 1/4.

Hesabu ya ndoa

Hapa ndo vijana wanataka kufika. Fomula ni moja: uwezekano wa wa kwanza kuwa mbebaji, mara uwezekano wa wa pili, mara robo. Kama mmoja ana ualbino mwenyewe basi kwake ni 1 na mwisho unazidisha kwa nusu badala ya robo, maana yeye hana cha kuchagua, lazima atoe a.

Kwa mtu wa nje ambaye kwao hamna historia, unahitaji kujua wabebaji ni wangapi kwenye jamii yake. Chukua uwiano wa watu wenye ualbino, yani 1 kati ya wangapi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha mara 2. Duniani kwa jumla inakadiriwa mtu 1 kati ya 17,000 hadi 20,000 ana ualbino. Kipeuo cha pili cha 20,000 ni kama 141, mara 2 ya 1/141 ni kama 1/70. Yani karibu mtu 1 kati ya 70 ni mbebaji na hajui. Tanzania ambako makadirio yanayotajwa sana ni 1 kati ya 1,400, kipeuo ni 37 na kitu, mara 2 ya 1/37 unapata karibu 1 kati ya 19. Daladala moja ikijaa anaweza kuwemo mmoja au zaidi. Ni makadirio, ila yanakupa picha kwanini jambo linalotokea kwa wachache linabebwa na wengi mno.

Basi mimi, 2/3, nikioa mtu wa nje mwenye 1/70: 2/3 mara 1/70 mara 1/4 ni 1 kati ya 420. Kwa jamii ya 1/19 ni 1 kati ya 114. Mdogo wangu mwenyewe akioa mtu wa nje mwenye 1/70: ni 1/70 mara nusu, 1 kati ya 140. Watu wengi wanashtuka hapo, walidhani mwenye ualbino atazaa wenye ualbino tu. Sasa mimi nikioa binamu yangu: 2/3 mara 1/4 mara 1/4, ni 1 kati ya 24. Mdogo wangu akioa binamu: 1/4 mara nusu, 1 kati ya 8. Unaona namba zinavyoruka ndugu wakioana, sio kwamba undugu unaleta ualbino, ni kwamba kopi mbovu ile ile ya babu au bibi inapata njia 2 za kukutana.

Na watu 2 wenye ualbino wakioana? Hapa ndo zile jeni nyingi nilizokwambia uziweke kichwani. Kama wote wana tatizo kwenye jeni ile ile, watoto wao wote watakuwa na ualbino. Lakini kama mmoja kaharibikiwa TYR na mwingine OCA2, kila mmoja ana kopi nzima za kile mwenzake alichokosa, na mtoto anapata kopi moja nzima ya kila jeni. Watoto wote wanazaliwa na rangi yao. Mwaka 1952 daktari wa macho wa Uingereza, Patrick Trevor-Roper, aliandika kuhusu wazazi wa namna hiyo, wote 2 wenye ualbino, na watoto wao wana rangi ya kawaida. Fikiria hiyo familia ingekuwa kwenye mtaa wenye maneno, huyo mama angesemwaje.

Kwa macho huwezi kujua aina kwa uhakika. Kuna dalili, mwenye nywele nyeupe kabisa mpaka ukubwani na ngozi isiyopata doa hata moja la kahawia anaelekea aina ya 1 ile ambayo kimeng'enya hakifanyi kazi kabisa, mwenye nywele za njano na mabaka ya kahawia yanayoongezeka na umri anaelekea aina ya 2, lakini hizo ni dalili. Uhakika ni kipimo cha jeni cha damu au mate, na hata chenyewe kuna wakati kinaona kopi mbovu 1 tu na ya pili isionekane. Ndo maana nikasema penseli. Kipimo kikija utafuta namba na kuandika upya.

Pale mti wako unapokataa kukubali hesabu

Kuna ualbino wa macho peke yake, ngozi na nywele zina rangi au zimepauka kidogo tu, na jeni yake GPR143 ipo kwenye kromosomu ya X. Huu unashuka tofauti, mama anabeba na watoto wa kiume ndo wanaonekana nao, nusu yao kwa wastani. Ukiona kwenye mti wavulana tu ndo wana macho ya namna hiyo na wote wameungana kupitia kwa akina mama, usitumie vyumba 4 vya A na a.

Alafu hili tafadhali lisome mara 2. Kuna aina ya nadra inaitwa sindromu ya Hermansky-Pudlak ambayo mtu ana ualbino na pia damu yake haigandi vizuri. Mtoto mwenye ualbino akiwa anavilia damu ovyo, akigongwa kidogo anapata alama kubwa, damu ya pua haikatiki, mwambie daktari kabla hajang'olewa jino au kufanyiwa upasuaji wowote, na usimpe aspirini. Usiseme tu "ngozi yao ndo ilivyo".

Na vitiligo sio ualbino, ile mtu anazaliwa na rangi yake alafu mabaka meupe yanakuja baadaye kwasababu kinga ya mwili inashambulia melanosaiti. Usimweke kwenye mti huu.

Karatasi haizuii jua

Nikimaliza kuchora huwa nageuza karatasi nyuma naandika mambo ya ngozi na macho, maana watu wakishajua katoka wapi swali linalofuata ni afanyweje. Nguo kwanza, mikono mirefu, kitambaa kilichosukwa kwa kubana, ukikiinua kwenye mwanga usione upande wa pili, na kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kote, kapelo haifuniki masikio wala shingo. Losheni ya jua ni ya sehemu zilizobaki wazi, SPF 30 kwenda juu (SPF ni namba ya nguvu ya kuzuia jua, imeandikwa kwenye chupa), ipakwe kama dakika 20 kabla ya kutoka na irudiwe kila baada ya masaa 2. Watu wanapaka kidogo mno. Kwa uso na shingo, kamulia mstari mzima kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, hicho ndo kipimo. Usisahau masikio, midomo, kisogo na migongo ya mikono. Mawingu yasikudanganye, miale inapita. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni kivuli ni bora kuliko losheni yoyote. Kidonda, gamba gumu au kiuvimbe ambacho wiki 4 zimepita hakijapona kionwe na daktari wa ngozi, saratani ya ngozi ikiwahiwa inatolewa ikaisha.

Macho ndo yanasahaulika. Jicho likiwa linajengwa tumboni linahitaji ile kazi ya melanini, ikikosekana sehemu ya kati ya retina, yani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ile sehemu ya kuonea vitu vidogo, haikomai, na mishipa ya kutoka machoni kwenda kwenye ubongo inavuka kupita kiasi. Kwa hiyo miwani inasaidia, ipimwe mapema, ila haiwezi kurudisha uoni wote. Mtoto akae mbele, mbali na dirisha linalomulika, apewe maandishi makubwa na aruhusiwe kusogeza kitabu karibu na pua, haharibu macho. Macho yao yanachezacheza, na wengi wao wana pembe moja ya kichwa ambayo wakiiweka yale macho yanatulia. Mdogo wangu alikuwa anasoma kichwa kakilaza kulia, na mwalimu wake mmoja alikuwa anakishika anakinyoosha kila mara, "kaa vizuri", na kila kikinyooshwa maandishi yanaanza kutikisika upya. Miaka 2 tulidhani ni uvivu wa kusoma. Mwacheni alaze kichwa.

Siku ile tulipomaliza ule mti mama hakusema kitu, alikuwa ameshika ile sarafu yake bado. Shangazi ndo aliichukua penseli mkononi mwangu. Akatafuta duara lake pale pembeni ya mraba wa baba, ambalo nilikuwa nimeliacha tupu kwa kumwogopa, akaniuliza, "mimi ni ngapi mwanangu?" nikamwambia nusu shangazi, akaiandika mwenyewe, 1/2, na alama ya kuuliza, alafu akashuka kwenye watoto wake akaanza kuandika 1/4, 1/4, 1/4.